Njia ya Finkenwerder

Frauke Behrens alikuwa amepakata boksi la gauni la ubatizo tangu apande treni Stade, na hakuthubutu kuliweka hata kwenye kiti cha pembeni. Kila mtoto wa ukoo wao alibatizwa akiwa amevaa gauni hilo. Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya mjukuu wa kaka yake Hinnerk, saa tano kamili, kanisani Ottensen, ng'ambo ya mto Elbe.

Treni ilipofika Neugraben ikasimama. Ikatangazwa kwamba upepo wa usiku umeangusha mti relini, abiria washuke, mabasi yatakuja kuwachukua. Yatakuja lini, hawakuambiwa. Frauke akashuka na abiria wenzake, akaitazama simu mara tatu, nayo ikamwambia asubiri basi.

Alipoinua macho, alimwona dada yake Telse karibu na ngazi, ameshikilia kofia isipeperuke.

Miaka sita hawakuwa wamesemeshana. Chanzo chenyewe kilikuwa aibu hata kukisimulia: kwenye sherehe ya Telse ya kutimiza miaka sitini na tano, Frauke alisema mbele ya wageni kwamba keki imekauka. Telse naye akajibu kwa neno zito juu ya Uwe, mume wa Frauke. Tangu hapo kila mmoja alimngoja mwenzake aombe radhi.

Telse alilitazama boksi kabla ya kumtazama mwenye boksi.

"Gauni unalo wewe?"

"Ninalo."

"Basi ukingoja mabasi yao, mtoto atabatizwa akiwa na nepi tu."

Frauke akasema simu imeshauri kusubiri.

"Simu haijawahi kuishi Finkenwerder, kwenye kivuko cha Elbe. Mimi nimekaa kule miaka thelathini. Twende."

Akashuka ngazi bila kugeuka. Frauke alisita, kwani kumfuata kulikuwa sawa na kusalimu amri. Lakini mtoto hakuwa na kosa. Akamfuata.

Wakapanda basi la kawaida lililokatiza mashamba ya matofaa, boksi limekaa kati yao kama msuluhishi. Finkenwerder wakakuta kivuko kinafunguliwa kamba. Telse, licha ya goti lake bovu, akatimua mbio huku akimpungia baharia mkono, na yule bwana akawangoja. Frauke akaanza kutafuta pa kukatia tiketi, dada yake akacheka: tiketi ya treni ndiyo hiyohiyo ya basi na ya kivuko, mtu mzima wa Stade hajui?

Walisimama juu, upepo ukiwachapa usoni. Meli ya makontena ikapita, kubwa kama mtaa mzima. Telse akaongea akiwa anaitazama meli.

"Kwenye maziko ya Uwe nilikuja. Nilisimama nyuma kabisa."

Frauke hakuwa amejua.

"Mbona hukunisogelea?"

"Niliogopa utanifukuza."

"Ningekufukuza," Frauke akakiri. "Halafu ningekukimbilia, dada."

Telse akajifuta macho, akausingizia upepo.

Waliposhuka Neumühlen, basi la kupanda mlimani lilikuwa limeshaondoka, na goti la Telse lilikuwa limegoma. Ikawa saa tano kasoro dakika kumi. Mama mmoja wa makamo alikuwa anafungua kufuli la baiskeli yake ya mizigo, ile yenye sanduku mbele na mota ya umeme. Frauke, ambaye maishani mwake hakuwahi kumuuliza mtu asiyemjua hata saa ngapi, alimwendea akamweleza yote. Yule mama akaondoa vikapu vyake, akamwambia bibi mwenye goti apande.

Hivyo ndivyo Telse alivyofika Ottensen: amekaa ndani ya sanduku, magoti kidevuni, gauni la ukoo kifuani, akiamuru njia kama nahodha, na Frauke anahema nyuma, koti limefunguka vifungo.

Hinnerk alikuwa nje ya kanisa, ameshika saa. Aliwaona wote wawili. Hakuuliza habari za gauni.

"Mmekuja pamoja?" akasema.

"Tumechelewa pamoja," Telse akamjibu. "Nishike mkono nitoke humu."