Picha ya Kichwa cha Bitutu

Jumatatu moja ya mwaka 1974, saa nne asubuhi, Daktari Nyangate alipanda juu ya kreti ya soda katika soko la Daraja Mbili akatangaza kwamba anatafuta mtazamaji wa ndege. Awe na uzoefu, alisema, wa miaka thelathini au zaidi, na akubali kupigwa picha ya ubongo ili ijulikane kumbukumbu hukaa wapi. Wauza ndizi wakacheka. Huku ndege hawatazamwi, hufukuzwa.

"Mimi nimewafukuza miaka arobaini," akasema Bitutu, mjane aliyekuja kuuza mboga. "Hiyo si inatosha?"

Ilitosha. Bitutu alilinda mashamba ya wimbi tangu utoto, kombeo mkononi, na hakuna amjuaye mwizi kama aliyeibiwa. Alitaja ndege aina sitini na mbili bila kumeza mate: kwera, mnana, tetere, na wengine wasio na jina ila kwa Ekegusii, kila mmoja na saa yake ya kuiba. Daktari aliandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Kwa kulinganisha, alihitaji pia mtu asiyejua ndege hata kidogo. Akajitokeza Omwenga, shemeji yake Bitutu, ambaye kwake kila chenye mabawa kilikuwa kuku.

Wawili hawa walikuwa hawajasalimiana kwa miaka sita. Ombui, mumewe Bitutu na ndugu yake Omwenga, alipofariki alizikwa upande wa kulia wa nyumba yake, kama azikwavyo mwanamume. Mwaka 1968 kamati ya kupima mashamba ilipofika, iliuliza jambo moja: kaburi la mwenye shamba liko wapi? Kaburi likiwepo, mjane ana pa kusimama. Bitutu alikuwa kwao akimuuguza mama yake. Aliporudi alikuta nyumba imebomolewa, kaburi limesawazishwa, na shamba lote limeandikwa jina la Omwenga, ambaye aliiambia kamati kwamba Ombui alizikwa mbali. Baadaye pakapandwa majani chai. Bitutu alimlilia mumewe mara ya pili, na safari hii iliuma zaidi, maana hakujua alilie mahali gani.

Mashine ililetwa kwa lori hadi darasa moja tupu nje ya mji wa Nyamira. Bitutu aliingiza kichwa, akaambiwa awafikirie ndege. Filamu ilipooshwa, shamba lake la wimbi lilionekana humo, kwera wakitua. Kando ya nyumba palikuwa na kaburi, na juu ya kaburi Ombui alikuwa ameketi na koti alilozikwa nalo, akiwarushia ndege madongoa. Daktari alipima kwa rula, akaandika: kumbukumbu, sentimita nne, upande wa kulia.

Ikafuata filamu ya Omwenga. Shamba lilikuwa lile lile na kaburi lile lile, ila Omwenga mwenyewe alikuwamo, jua ndiyo kwanza linachomoza, akilisawazisha kaburi kwa jembe. Ndege wa aina zote sitini na mbili walikuwa wamejipanga juu ya paa wakimtazama.

Daktari aliudhika sana. "Mzee, umeniharibia utafiti. Ulisema ndege huwajui."

"Majina yao sijui," Omwenga akajibu. "Lakini ile siku waliniangalia sana."

Kwa kuwa ulinganisho ulikuwa umeharibika, daktari alimpa Bitutu filamu zote mbili. Akazipeleka ofisi ya ardhi. Karani aliziinua dirishani, akamsalimu Ombui, na Ombui akaitikia.

"Mama, kaburi iko. Hata mimi naiona," karani alisema. "Lakini hii rejista ya shamba ni ya kwanza, na kwa sheria ya kwanza haifunguliwi tena, hata kama ni ya wizi."

Mnyonge hana haki, ndivyo isemwavyo, lakini huyu alipewa angalau bahasha safi ili filamu zisikwaruzike. Omwenga hakukana neno. Kesho yake alipeleka majani chai kwenye kituo cha kuuzia chai kama kawaida.

Bitutu akataka basi kumzika Ombui upya, akiwa ndani ya filamu yake, kwa kaka yake Mogaka, alikokuwa akiishi tangu nyumba ibomolewe. Mogaka alikuwa mtu mwema. Alichimba mpaka magotini, kisha akaweka jembe chini.

"Dada, shemeji namheshimu. Lakini kaburi ni kaburi. Kesho Omwenga atakuja aseme hapa pia ni kwao."

Bitutu hakumlaumu, naye angesema vivyo hivyo. Filamu ikatundikwa ukutani, juu ya kitanda chake. Kila siku saa kumi na moja jioni kwera wa humo hushuka, na Ombui, ambaye mkono umeanza kuchoka, humwita mkewe kwa jina. Bitutu huacha mboga mekoni, akachukua kombeo, akamsaidia kulinda mavuno ambayo hakuna atakayeyala.