Maneno Aliyosemewa Kosmas

Ludwina alikuwa anakufa, na Padre alikuwa amekalia kiti changu cha mwanzi na chupa ya mafuta matakatifu mfukoni, asiweze kumpaka. Mimi nilikuwa nakuna nazi mlangoni pa jiko. Nilisikia kila kitu, nikazidi kuikuna nazi kwa hasira.

Kisa chenyewe ni cha wakati wa vita. Hapa Bougainville, kisiwa chetu cha bahari ya Pasifiki, mapadre walipotuacha na meli kuzuiwa zisilete hata dawa, kanisa letu lilibaki kwa katekista, na katekista alikuwa Ludwina. Alibatiza, akazika. Wanaume walipokuwa hawajachoka kuuana, ni yeye na akina mama wenzake walioingia msituni kuwaambia wapiganaji imetosha, rudini nyumbani. Na mwanangu Kosmas alipoletwa na risasi tumboni, akimlilia padre kwa sababu ya watu aliowaua, Ludwina alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwekea mkono kichwani, akasema, "Nakuondolea dhambi zako, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kosmas akaacha kulia. Alikufa ametulia, ameshika kidole changu, na utulivu ule ndio ulioniweka hai miaka yote hii.

Sasa, kuondolea dhambi ni kazi ya padre peke yake; hilo hata watoto wa komunyo ya kwanza wanalijua. Kubatiza ni jambo jingine: penye hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumwaga maji. Padre Raimundi mwenyewe, huyu aliyekalia kiti changu, alibatizwa na Ludwina wakati ule wa vita, kichanga kinachochemka homa, kwa maji ya kifuu cha nazi. Hakuna askofu aliyewahi kuutilia shaka ubatizo huo, na upadre wake wote umesimama juu yake. Mkono wa mwanamke ulikubaliwa, mdomo wake ndio ukawa na kesi.

Padre si mtu mbaya. Jumapili iliyopita alihubiri juu ya viti vya wanawake bungeni mpaka tukampigia makofi, ingawa kwetu ardhi hupitia kwa mama na hatukuhitaji kufundishwa heshima yetu. Lakini Ludwina alikuwa amemsimulia habari za Kosmas mbele yetu sote, hakutaka kunong'ona, na Padre hangeweza kujifanya hakusikia.

"Mama, tubu hilo moja tu," alimwambia. "Mungu hafungwi na sakramenti zake. Kosmas yuko mikononi mwake. Ila maneno yale hayakuwa yako kuyasema."

"Kama hafungwi, mimi nitubu nini?"

"Kujifanya padre."

"Sikujifanya padre, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwepo."

Padre aliinamisha kichwa. Alisema hawezi kumwondolea mtu dhambi anayoikumbatia, wala kumpaka mafuta. Ludwina akageukia ukuta. Alisema akiliita jambo lile dhambi, atakuwa amemwambia Melania kwamba mwanawe alikufa na mzigo wake.

Melania ni mimi.

Na mafuta yale aliyataka, asikudanganye mtu. Wiki nzima alikuwa akinishika mkono na kuuliza kama boti ya Padre imefika. Mwanamke aliyewapita wenye bunduki bila kutetemeka, sasa alikuwa anaogopa kufa bila kupakwa. Niliiacha nazi, nikaenda kukaa kitandani kwake.

"Dada, sema ni dhambi."

"Na Kosmas?"

"Kosmas ni wangu, nitajua la kufanya naye. Wewe pakwa mafuta."

"Unajua unachonipa?"

"Najua. Usinichoshe, nazi yangu inakauka."

Alicheka kidogo. Padre akatuomba tutoke, akafunga mlango.

Alipoufungua, paji la uso la Ludwina lilikuwa linang'aa, na viganja pia. Basi alikuwa amesema ni dhambi. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli nilifurahi, na papo hapo niliumia kama siku ile waliponiletea mwanangu. Jua halijazama, akakata roho.

Wanawake walipokuwa wanamwosha, nilikwenda kwenye kaburi la Kosmas nyuma ya migomba. Nilipiga magoti, nikaweka mkono juu ya udongo pale kichwa chake kilipo, nikayasema maneno yale kwa sauti, yote, mpaka Roho Mtakatifu. Nilipoinuka, Padre alikuwa amesimama njiani, amenisikia, machozi yanamtoka.

Nikamwambia dhambi hii ni yangu, na siku yangu ikifika asijisumbue kuja na chupa yake, maana sitaitubu.