Ndara za Mama Mlangoni

Kitu cha kwanza nilichoona ni ndara za mama. Zilikaa mlangoni mwa chumba cha michezo cha kaka yangu Guy, zimepangwa vizuri, kama anavyozipanga ufukweni hapa mjini Baraka kabla ya kuingia ziwani.

Nilikuwa nimegeuka makusudi kuutazama ule mlango. Nilitaka kumwonyesha Guy kosa la mashine yake mpya.

Siku zote tulichezesha watu kwa miwani mikubwa inayofunika macho. Ukiivaa, chumba kinapotea, unabaki ndani ya mchezo peke yako. Mama aliikataa kabisa. Sasa Guy alikuwa ameazima projekta inayomwaga mchezo kwenye kuta zote nne. Vyombo vyote viwili vilikuwa vya mtu wa Uvira; kimoja kilipaswa kurudi kwake mchana huohuo, na gari lilikuwa linangoja.

"Ketsia, tubakishe gani?" aliniuliza.

"Miwani," nilijibu kwa sauti ndogo. "Ukuta ni ukuta tu. Ukigeuka unaona mlango. Tena ukuta wenyewe umepinda."

"Na nani aliukandika? Si we?"

Akaziba dirisha kwa blanketi, akawasha.

Maji yakapanda ukutani. Mistari ya vidole vyangu, niliyoiacha kwenye udongo wakati wa kukandika, ikawa mawimbi. Matundu ya misumari kwenye mabati yakashusha nyuzi za jua, na samaki wakapita katikati yake. Moyo ulinienda mbio, lakini sikukubali. Ndipo nikageukia mlango.

Mama alikuwa ameshaingia, miguu mitupu. Mkono mmoja umepandisha kitenge magotini, mwingine umeshika kichwani beseni la ndagala, dagaa wakavu wa ziwa letu.

"Guy! Maji imeingia na we uko unasimama tu? Ndagala yangu italoa!"

Guy alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, teremusha beseni. Iko mwanga tu."

"Mwanga gani? Mbona miguu yangu iko inasikia baridi?"

Samaki mkubwa akampita kifuani. Mama aliachia kitenge polepole, akanyoosha mkono, na kidole chake kikafuata mstari wangu ukutani, nyuma ya samaki. Mwanga wa maji ulitembea usoni mwake. Nilikuwa nimeona bahari nyingi ndani ya miwani, lakini sikuwahi kuona hata moja ikiwa na mama ndani.

"Ketsia, kuja," alinong'ona. "Tuingie wote."

Nje dereva akapiga honi. Guy akainuka, akashika waya wa projekta. "Basi, ulisema miwani. Nizime?"

Mama alinitazama.

"Usizime," nikasema, na sauti yangu ikanishangaza kwa ukubwa. "Rudisha miwani. Niliipenda kwa sababu nikiwa ndani yake siwaoni watu wakiniangalia. Leo nataka mniangalie."

Nikavua ndara zangu.