Mkono wa Kettunen

Rauno Kettunen alimchukia Ndinda kabla hajalijua jina lake, naye Ndinda hakukawia kumrudishia.

Ukumbi wa Bi Liang ulikuwa ghorofani, juu ya duka la wigi, hatua chache kutoka mtaa wa Dengfeng, mjini Guangzhou, China. Kila Jumapili alasiri wafanyabiashara wa Kenya walikusanyika hapo kushindana kurusha vishale. Ndinda, aliyekuwa akinunua mikoba katika soko la Shiling na kuipeleka Nairobi, ndiye aliyekuwa bingwa wao. Alifundishwa na babake katika baa ya familia, Athi River, na mbele ya ubao wa vishale alisahau purukushani zote za soko.

Kisha Bi Liang akamwajiri Kettunen, Mfini, afundishe na kufanya maonyesho. Picha yake, ndevu nyekundu na macho makavu, ikabandikwa mlangoni. Alikuwa mchezaji wa kulipwa kwelikweli. Alianzia vilabu vya Kuopio, kwao Ufini, akaacha useremala, akazunguka Ulaya na vishale vyake, hata akacheza Uingereza mbele ya kamera na kumbwaga bingwa mtetezi. Ni nini kilichomtoa huko hadi ukumbi wa Guangzhou, hakuna aliyeuliza.

Siku alipofika tu, alimgeukia Bi Liang na kusema, Ndinda akiwa amesimama hapo hapo, "Hawa watu wanapiga kelele kama mnadani. Jumapili nataka ukumbi kwa wanafunzi wangu."

"Hawa watu wana masikio," Ndinda akasema.

"Sikuongea na wewe."

Bi Liang aliinamisha macho. Jumapili iliyofuata walikuta mlango umefungwa kwao.

"Dada, wachana naye," alisema Mutiso, binamu yake, aliyeshughulikia makontena bandarini Nansha. "Mzungu huyu ana madharau, lakini ukumbi ni wa Bi Liang, yeye ndiye laoban. Mwenye mali akikataa, utafanyaje?"

"Nihame kwa ajili ya huyu? Thubutu!"

Mwanafunzi mmoja alipofunguliwa mlango, Ndinda akaingia naye, akampita Kettunen, akamwambia Bi Liang wazi: acheze na Mfini, watu waje watazame. Akishindwa, Wakenya hawatakanyaga tena pale. Akishinda, Jumapili ni yao. Biashara ilikuwa imelala, na laoban akaona ukumbi uliojaa. Akakubali. Kettunen alicheka kwa pua.

Siku ya pambano watu walisimama hadi ngazini. Kettunen alianza kama radi. Vishale vyake vilizama palepale alipotazama, na Ndinda, pamoja na chuki yake yote, alijua kwamba hajawahi kuona mkono kama ule. Alimfuata nyuma kwa taabu, jasho likimtoka. Mwishowe Mfini alibakiza kishale kimoja tu cha ushindi, kwenye pete ile nyembamba ya nje.

Akainua mkono. Haukurusha.

Akaushusha, akajipangusa, akauinua tena. Kiwiko kilienda mbele, vidole vikagoma kufunguka. Ndinda, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, aliona kidole gumba kikitetemeka na shingo ikiwiva.

"Achilia!" Mutiso akapaza sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Achilia, mzee!"

Ndinda angeweza kuwanyamazisha. Neno moja lake lingetosha. Hakulisema. Kishale kilipoponyoka hatimaye, kiligonga ukuta. Ndinda akasogea kwenye mstari, akavuta pumzi, akamaliza mchezo.

"Ulijua," Kettunen akamnong'onezea katikati ya shangwe. "Umeujua ugonjwa wangu."

"Ningalijua, ningalikukabili siku ile ile uliyofika."

Picha iliondolewa mlangoni, na Kettunen pamoja nayo. Ni Bi Liang aliyemweleza Ndinda yaliyobaki: mkono ule uligoma kwanza kule Uingereza, watu wakampigia miluzi hadi akatoka jukwaani akilia, na tangu hapo alitafuta mahali ambapo atarusha vishale vichache vya maonyesho, apigwe picha, na siri yake isijulikane. Kile kicheko cha ukumbini kilimrudia Ndinda siku nzima. Lakini kuomba msamaha hakwenda.

Jumapili moja Kettunen alirudi. Alilipa kiingilio kama wengine, akasimama kwenye mstari na kurusha kwa mkono wa kushoto. Vishale vilidondoka sakafuni kama maembe mabovu. Alipopangiwa Ndinda, Ndinda alimchapa bila huruma.

"Wewe ni mtu mbaya," Mfini akamwambia.

"Hata wewe. Rusha."

Akawa anakuja kila wiki, akifungwa na kila mtu, hamsalimu yeyote. Ndinda naye hakumpunguzia hata mara moja. Polepole vishale vikaanza kushika. Akamshinda Mutiso. Akamshinda Njuguna, bora wao baada ya Ndinda. Siku alipomshinda Ndinda, alikusanya vishale vyake na kuondoka bila kumpa mkono, na wiki iliyofuata wakasikia amerudi kwao.

Miezi ikapita. Mutiso akaja na simu kwenye kijiduka alichokuwa amefungua Ndinda: Kettunen alikuwa anacheza mashindano madogo Ufini, kwenye ukumbi nusu mtupu, kwa mkono wa kushoto. Ndinda akaacha mteja wake akisubiri. Alitazama akimwombea ashindwe, meno ameyauma, hadi Mfini alipotia kishale cha mwisho na kuinamisha kichwa ubaoni.

"Ameshinda!" Mutiso akasema. "Tumtumie salamu?"

"Za nini?" Ndinda akamrudishia simu. "Bega lake bado linapanda akirusha. Angekuwa hapa, ningemla."