Shahada ya Kusalimia

Niliporudi Ujiji na shahada ya ukutubi na sayansi ya habari, bibi yangu Kuruthumu alimtangazia kila jirani kwamba nitasoma habari redioni. Alisikiliza redio mwezi mzima, akasikia sauti za watoto wa wenzake tu. Hapo akabadili maneno: mke mwenzake, yaani mimi, nimekaa chuoni miaka mitatu nikijifunza kusema "Habari yako".

Nimemweleza mpaka nimechoka. Ukutubi ni kazi ya maktaba, masjala, hospitali, popote penye karatasi nyingi na watu wanaozitafuta. Akasema basi, kama nimesomea kutafuta, nianze na miwani yake. Ilikuwa kichwani mwake, na hakunishukuru.

Kisha wakaja wapima viwanja. Kila mwenye nyumba alitakiwa faili lake lionekane ofisi ya ardhi kufikia Ijumaa, la sivyo kiwanja chake kingeandikwa hakina mwenyewe. Bibi alijiandikisha zamani, kwa dole gumba na mashahidi wawili. Lakini karani wa masjala, Nikodemu, mtu mpole wa Kalinzi, alipekua herufi K siku mbili na Kuruthumu hakumwona. Bibi akaacha kunitania. Nilitishika, maana huyu hata msibani hakosi mtu wa kumchokoza.

Alhamisi Nikodemu aliniruhusu nitafute mwenyewe. Kwa kuwa huku kwetu R na L hatuzigombanishi, nilitafuta Kuruthumu, Kulthumu, hata Kurusumu. Nikatafuta na jina la babu. Nilitoka na vumbi la kutosha kuotesha mchicha.

Chuoni walitufundisha kwamba kitu kikipotea, usiulize kimewekwa wapi. Uliza aliyekiweka alikiita nini. Nilimkuta bibi anachambua dagaa bila kuwatazama.

"Bibi, siku ile karani alipokuuliza jina, ulimjibu nini?"

"Nilimjibu kama mwanamke mwenye heshima zake. Jina langu nimtajie mwanamume nisiyemjua?"

Basi alitaja la mtoto, kama wanawake wote wa rika lake. Mtaa mzima unamwita Mama Haruna, na Haruna ni baba yangu. Lakini nilipopiga hesabu ya miaka, niliona bibi alipojiandikisha baba alikuwa hajazaliwa. Nikamuuliza wakati huo alikuwa mama nani.

Aliweka ungo chini.

"Mama Ikram," akasema.

Sikuwahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu. Ikram alikuwa binti yake wa kwanza, akafa kwa surua kabla hajatimiza miaka mitatu. Baba alipozaliwa watu wakaanza kusema Mama Haruna, wakidhani wanamsaidia kusahau. Niliona aibu kwamba nimemjua bibi maisha yangu yote na sikulijua hilo.

Ijumaa asubuhi tulikwenda pamoja. Nikodemu alifungua kabati la herufi M, akalitoa faili hata kabla bibi hajakaa. Bibi hajui kusoma, akaomba asomewe kilichoandikwa juu.

"Mama Ikram," Nikodemu akasoma.

"Abee," bibi akaitika.

Aliweka mkono juu ya jalada. Kisha akanigeukia, macho yamejaa machozi.

"Wewe si ndiye msoma habari? Haya, soma tena."

Nikasoma. Akaitika. Nikasoma tena na tena, mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika.