Mkono wa Kushoto wa Sawsan

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, ofisi ya bima ya Nasr City ilibaki na mtu mmoja, Wagdi Shenouda, fundi wa kompyuta. Yeye ni Mkristo, na kila Ramadhani huwashikia wenzake zamu waende kufuturu. Makarani arobaini walifanya kazi majumbani. Kompyuta zao hasa zilikuwa ndani ya seva ya ofisi. Nyumbani waliziona kupitia dirisha kwenye skrini. Mzinga wa kutangaza futari ukilia magharibi, walifunga dirisha wakakimbilia mezani. Hakuna aliyebonyeza kitufe cha "Toka". Kazi ilibaki wazi kwenye seva.

Siku ya tisa ya mfungo, Sawsan, karani wa mtaa wa Shubra, alipiga simu.

"Mhandisi, picha inachezacheza kutwa. Halafu pembeni kuna mraba mweusi."

"Mweusi mtupu, Madamu Sawsan?"

"Mna mkono wangu wa kushoto ndani."

"Na hapo nyumbani?"

"Haupo tangu futari ya jana. Nimeshindwa kumsuka binti yangu Malak. Kaenda shule kichwa kama jogoo aliyenyeshewa."

Wagdi alishusha ukubwa wa picha, akazima skrini ya pili, akaweka programu mpya ya kadi ya picha. Picha ikatulia, weusi ukaondoka. Mkono ulionekana vizuri zaidi, pamoja na pete na kovu la mafuta ya moto. Ulikuwa ukijaza fomu za wagonjwa, haraka, bila kukosea.

"Jana uliondokaje?"

"Nilifunga dirisha kama kila mtu. Mzinga umelia, mume anaita, mimi nianze kutafuta vitufe?"

"Basi bonyeza Toka. Mkono utarudi."

"Nikishafuturu. Nina sufuria ya mchuzi wa mlukhiya jikoni, na mkono ndio huu mmoja."

Mzinga ulilia, Sawsan akakata simu. Alifuturu, akasinzia kwenye kochi bila kubonyeza Toka.

Wagdi alipitia kompyuta nyingine thelathini na tisa. Moja ilikuwa na jicho, nyingine shingo iliyoinama, nyingi zilikuwa na mikono. Vyote vilikuwa kazini. Alimwandikia meneja barua kuomba kila mtu atolewe kwenye seva mzinga ukilia. Akainuka, akakaa, akainuka tena kulifunga pazia ambalo tayari lilikuwa limefungwa.

Asubuhi meneja, Bwana Bahgat, alimwita.

"Saa ya futari tumepitisha fomu mia tatu, Wagdi. Mchana watu wana njaa, hawafikishi hata mia."

"Mikono ni yao, bwana."

"Na seva ni yetu. Nani amelalamika?"

"Sawsan."

"Amelalamikia nini?"

"Picha."

"Imetengemaa?"

"Imetengemaa."

"Basi umemaliza. Na hicho kitufe cha Toka kinawachanganya watu tu. Kiondoe kwa wote."

Wagdi alirudi kwenye kiti chake. Alivuta kibodi, kikombe cha kalamu kikaanguka. Aliziokota kalamu moja moja, akazipanga kwa rangi. Kabla ya saa tano alikuwa amekiondoa kitufe.

Saa tano na robo Sawsan alipiga.

"Mhandisi, kile kitufe chako sikioni."

"Picha iko sawa?"

"Safi kabisa. Naona mpaka kucha."

Upande wa pili maji yalikuwa yakimwagika kwenye sinki.

"Haya," Sawsan alisema. "Malak ananishikia fungu moja la nywele, mimi nasuka mawili. Tumeshazoea. Ila mwambie Bwana Bahgat mkono umechoka, nausikia hadi begani."

"Nitamwambia."

Alimwambia. Kwenye daftari la matengenezo akaandika: tatizo la picha limetatuliwa.

Jioni wenzake waliporudi, mmoja alimwekea kipande cha kitindamlo cha kunafa juu ya meza. Alikula amesimama. Kisha alitafuta kitufe cha Toka kwenye kompyuta yake mwenyewe, nayo ilikuwa ndani ya seva, akakumbuka amekiondoa, akafunga dirisha.

Kwenye lango la metro alitaka kutoa tiketi mfukoni kwa mkono wa kulia, akakuta haupo. Akaitoa kwa wa kushoto, lango likafunguka, akapita.