Mwizi wa Saa Saba Usiku

Mwenye cheo akijamba, anayesutwa ni yule aliyekunja pua. Mpiga moto alikuwa na usemi huo siku zote, na kwenye kiwanda kile cha kufua mashuka ya hoteli na hospitali hakukosa wa kumtolea mfano. Yeye alikaa chini, nyuma, akichochea moto wa boila linalotoa mvuke wa kufulia na kupigia pasi, peke yake na kikohozi chake. Meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Najua, hakushuka huko ila akitafuta mtu wa kumkaripia.

Siku hiyo hata hakushuka. Alimwita juu, akamsimamisha katikati ya chumba cha pasi, mbele ya kina mama wote.

"Mzee, mashuka yanapotea ghalani. Na mashine ya vidole inasema wewe unaingia saa saba usiku."

"Mimi?"

"Kidole chako. Mwezi mzima. Tena unatoka saa tano asubuhi, kazi haijapamba moto!"

Mpiga moto alicheka kama mtu aliyekanyagwa kidonda. Siku mkewe alipozidiwa, alimwomba bwana huyuhuyu atoke mapema, akaambiwa amalize zamu kwanza. Kufika nyumbani, majirani wamekwisha kumfunika. Leo anaambiwa hutoka saa tano kila siku!

"Usiku mimi hulala, Bwana."

"Shahidi wako nani?"

Mgane atamtoa wapi shahidi wa usingizi wake?

"Shahidi wangu unamjua. Ulimnyima mumewe siku ya mwisho."

"Usinichanganyie mambo. Mashine haina chuki na mtu. Kesho anakuja fundi kutoka makao makuu. Akithibitisha, ni polisi."

"Mzee huyu abebe robota la mashuka?" alidakia mama mkuu wa pasi. "Kiuno chenyewe hukibembeleza ndipo kiiname!"

Meneja alimtolea macho. Mama akanyamaza, kwa mdomo tu.

Mpiga moto alirudi nyumbani akihisi njia nzima inamnong'ona. Mali hakuwa nayo, mke hakuwa naye. Kilichobaki ni jina, nalo limetandikwa sakafuni watu walikanyage.

Asubuhi fundi wa programu alifika, dada wa makamo mwenye begi mgongoni. Alitaka kwanza kuiona kompyuta ya vidole ya mlango wa nyuma, ambayo hakuna aliyeiwekea kidole ila mpiga moto. Nje jua lilikuwa la saa tatu. Kompyuta nayo ikasema tatu kamili.

"Hii nani kaichezea?" aliuliza.

"Haikuchezewa, ilitengenezwa," Meneja alijibu, kifua mbele. "Na mimi mwenyewe. Watu tunasema saa tatu, yenyewe inasema tisa, upuuzi gani? Kila nikiirudisha nyuma inajisahihisha kwa mtandao. Basi nikaibadilishia eneo. Nikachagua chagua nchi mpaka nikapata moja ambayo saa zake zinaangukia pazuri."

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bosi, programu yetu mpya haibahatishi. Huiuliza kompyuta: uko upande gani wa dunia? Kisha huandika saa za hukohuko. Wewe umeiambia iko ng'ambo ya bahari, ambako sasa watu wanakoroma. Mzee akiingia asubuhi saa moja, inaandika moja. Na moja ya kompyuta, kaka yangu, ni saa saba usiku; kumi na moja yake, anapotoka jioni, ni saa tano asubuhi."

"Lakini inasomeka vizuri..."

"Inasomeka vizuri sana. Imekusomea mwizi."

Meneja alijikuna shingo, akamgeukia mpiga moto aliyesimama kando ya boila lake. "Haya mzee, yamekwisha. Washa moto, hospitali wanasubiri."

"Hayajaisha," mpiga moto alisema, akakaa juu ya ndoo. "Wizi ulinivisha kule juu. Panda ukanivue kulekule. Kabla ya hapo hapatoki mvuke hapa."

"Unanitisha?"

"Nimechoka tu. Si unajua, usiku silali."

Fundi akageuka ukutani, mabega yakimtikisika.

Wakapanda. Meneja akasimama palepale pa jana, akakohoa. "Kina mama, kulitokea hitilafu ya saa. Mashuka bado tunayatafuta, ila mzee hahusiki."

"Ilitokea yenyewe?" aliuliza mama mkuu wa pasi. "Ina miguu?"

"Kuna mabadiliko yalifanyika..."

"Yalifanywa na nani?" mpiga moto aliuliza kutoka mlangoni.

"Tulibadilisha eneo la kompyuta."

"Wewe na nani?"

Meneja aliangalia dari. Dari halikumsaidia. "Mimi," alisema, na neno lile dogo likamtoka kama mwiba wa samaki.

Kina mama walicheka mpaka mmoja akaunguza foronya. Mpiga moto hakucheka, wala hakushukuru. Mtu hashukuriwi kwa kukurudishia kilicho chako. Alishuka ngazi polepole, mkono kiunoni, akafungua mlango wa boila na kuanza kupanga kuni, moja moja, bila haraka, huku juu Bwana Najua akipiga kelele kwamba mvuke unachelewa.